Wifi Yangu Kwenye Bango

4 Februari

Mdogo wangu,

Kabla ya yote, umekula? Cheka tu, lakini naanza na hilo kwa sababu katika nyumba ya mwanamume aliye peke yake, sufuria ndizo zinazopumzika kuliko watu. Sisi huku tupo. Shemeji yako kidonda cha mguuni bado anacho. Yeye anasema kinapona, mimi naona kinatafuta njia nyingine. Mwambie Sisimizi kwamba shangazi yake amemwekea vipande vya vitambaa vya kushonea nguo za mwanasesere, na vimejaa mfuko mzima.

Kazini ni pasi na mvuke, mvuke na pasi. Nilikuambia kwamba magauni ya Zumari huletwa kwetu kufuliwa? Huyohuyo Zumari unayemsikia redioni. Mwenyewe hatujawahi kumwona. Dereva wake huja na magauni begani kama mzigo wa kuni, anayabwaga, anaondoka. Mwaka wa tatu huu navijua vikwapa vya Zumari kuliko mama yake mzazi, na sijawahi hata kumpa mkono.

Sasa sikiliza. Wiki iliyopita walikuja mafundi na ngazi, wakabandika bango kubwa kwenye ukuta unaotazamana na dirisha letu. Ni la maonyesho yake mapya. Zumari amesimama barabarani katikati ya watu, si jukwaani, na ameshikana mkono na mwanamke mmoja. Mwanamke huyo anacheka mpaka unaliona jino la pembeni lililopandana.

Ni wifi yangu.

Nusura niunguze suruali ya mtu. Nilitoka nikasimama chini ya lile bango mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kama nimepigwa na jua. Amevaa ile blauzi niliyomshonea, ya vifungo sita vyeupe, ambayo cha tatu kilipotea nikambandikia cheusi. Nikavihesabu. Cha tatu ni cheusi.

Miezi minane tangu tumzike, na sasa kila nikiinua macho kutoka kwenye pasi, yupo ananicheka. Walikutana lini na Zumari? Mbona hamkuniambia? Niandikie.

Dada yako

2 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako imefika, nashukuru. Tumekula.

Sisimizi hajambo. Jino la mbele limeng'oka, na amekuwa wa nne darasani. Amefurahi kusikia habari za vitambaa. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, nikaweka bati jipya, sasa linavuja upande wa pili.

Kazini wamenibadilishia mitaa. Nilikuwa nasoma mita za upande wa soko, sasa nasoma za upande wa hospitali. Unafunua kifuniko, unafuta kioo kwa kidole, unaandika tarakimu, unafunika, unakwenda nyumba ya pili. Watu wananiuliza kwa nini maji hayatoki. Nawaambia mimi nasoma tu.

Kuhusu hilo bango, duniani wawili wawili. Na vifungo vyeusi viko vingi.

Msalimie shemeji.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Hongera kwa Sisimizi. Wa nne! Enzi zetu wewe ulikuwa wa nne ukianza kuhesabu kutoka nyuma. Shemeji yako anakusalimu, amelala, hospitali wamempa dawa kali. Hayo tuyaache.

Wawili wawili nimekubali, lakini hiyo ni ya uso, si ya kifungo. Mimi ndiye niliyeshika sindano.

Ijumaa dereva wa Zumari alikuja kuchukua magauni. Nikamvuta dirishani. "Kaka, pale kwenye bango palikuwa wapi?"

"Pale si maonyesho, mama," akasema. "Mwaka jana, mwezi wa nne, gari lilituchemkia njiani, mbele ya lango la hospitali." Akautaja mji wenu. "Tulikwama saa mbili nzima, watu wakajaa. Tulikuwa na mpiga picha garini, akapiga hiyo. Bibi akaipenda kuliko zote za jukwaani."

"Na huyu mwanamke?"

"Huyo! Huyo ndiye aliyetuletea maji ya rejeta."

Nilitaka kuuliza zaidi, lakini wateja waliingia wawili kwa mpigo, na nilipomaliza kuwaandikia risiti alikuwa amekwisha ondoka.

Mwezi wa nne mwaka jana, mbele ya hospitali. Sikuulizi kama askari, mdogo wangu. Nauliza kama wifi ya mtu. Humu ndani nimekuwekea kijitangazo, ni picha ileile ya bango. Mtazame mwenyewe, kisha uniambie kama ni wawili wawili.

Dada yako

20 Mei

Dada, shikamoo.

Nimechelewa, unisamehe. Karatasi ziliisha, kisha zikapatikana, kisha basi tu.

Bahasha yako aliifungua Sisimizi, mimi nikiwa kazini. Niliporudi nilimkuta ameketi sakafuni, kijitangazo kiko magotini, halii. Akasema, "Baba, mama yupo hapa." Nikamwambia aoshe mikono tule.

Akawa anakilalia chini ya mto. Nikamwachia. Mwezi huu akakipeleka shuleni. Wenzake wakamwita mwongo, naye akampiga mmoja kwa mkebe wa kalamu. Mwalimu wake akaniita. Ni mwanamke mpole, miwani yake imefungwa kwa uzi. Sisimizi alisimama kando ya meza, akitazama ubao ambao haukuwa na kitu.

"Baba," mwalimu akasema, "mtoto anasema mama yake alikutana na Zumari. Mimi sisemi anadanganya. Mtoto aliyefiwa huota akiwa macho. Ila ni vizuri tusikie kwako. Huyu hapa kwenye picha ni mama yake?"

Nikasema, "Hapana. Wamefanana tu."

Ndivyo nilivyosema. Mwalimu akanirudishia kijitangazo, mimi nikakitia mfukoni. Leo ni siku ya nane, Sisimizi hasemi na mimi ila "ndiyo" na "hapana". Anakula. Anaoga. Anafanya hesabu zake.

Naomba usitume kitu kingine.

Mita zangu zote zimesomeka mwezi huu, isipokuwa moja yenye mbwa.

Mdogo wako

3 Juni

Mdogo wangu,

Leo sikusalimu. Nitakusalimu mwishoni kama hasira itakuwa imeshuka.

Nimekubeba mgongoni miaka miwili mizima, mpaka watu wakadhani nimezaliwa na kibyongo. Kwa hiyo nitasema. Umemkana mkeo mbele ya mwanao. Maiti hana mdomo, haya. Lakini yule mtoto yu hai, na ulimwacha asimame pale na uongo ambao si wake. Kwa nini? Mtu hakani picha ya mke wake bure. Kuna kitu kimekukaa kooni na hutaki kukitema.

Sasa nikupe habari. Zumari amekuja dukani, yeye mwenyewe, kwa miguu yake. Zipu ya gauni la dhahabu ilikuwa imekatika na walikuwa na safari mchana ule. Alikaa kwenye kile kiti chetu chenye mguu mmoja mfupi huku mimi nashona, akiwa na mafua, anapenga kwenye kitambaa kama mtu mwingine yeyote. Wenzangu walikuwa wamejipanga nyuma ya rafu za nguo wanachungulia. Mwenye duka alikuwa anafuta kaunta iliyokwisha futwa.

Nikajikaza. Nikamwambia, "Dada, yule mwanamke uliyeshikana naye mkono kwenye bango ni wifi yangu."

Akageuka akatazama dirishani. "Yule? Namkumbuka sana," akasema. "Mwambie namsalimu."

"Amefariki."

"Pole, mama," akasema. "Pole sana. Nilimpenda."

Mdogo wangu, alikuwa hamkumbuki. Alinidanganya kwa adabu, na simlaumu, mikono anayoshikwa ni mingi. Nikafunga uzi, nikaukata kwa meno, akanishukuru, akaenda zake.

Lakini dereva alibaki nyuma kuchukua risiti. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama, bibi husema hivyo kwa kila mtu. Anayemkumbuka ni mimi. Alitoka hospitalini na bahasha ya kaki. Akaibana kwapani, akaazima ndoo kwa mfagiaji, akatuchotea maji safari tatu. Nikamwambia, pumzika dada, utachelewa kwako. Akasema, 'Nimekwisha chelewa. Lakini mume wangu nikimwambia nimeshikana mkono na nani, leo hatanigombeza.' Tukacheka wote. Picha ile ilipigwa hapohapo, anacheka maneno yake mwenyewe."

Basi ndiyo hivyo. Nimekuandikia ili ufurahi. Akiwa na Zumari mkononi, aliyekuwa anamuwaza ni wewe.

Kesho kutwa mwaka unatimia. Shemeji yako anakusalimu, yumo kwenye mazoezi. Na mimi nakusalimu, hasira imeshuka kidogo.

Dada yako

28 Juni

Dada, shikamoo.

Sote tu wazima. Mwaka ulitimia, tukaenda kaburini mimi na Sisimizi, tukapalilia, tukarudi.

Nitakuandikia mara moja tu, kisha usiniulize tena.

Siku ile ilikuwa tarehe kumi na moja. Alikuwa amekwenda kuchukua majibu ya vipimo. Sisimizi alikuwa na homa tangu juzi yake, kwa hiyo niliomba ruhusa ya nusu siku nikae naye. Tulikubaliana mama yake arudi saa sita, mimi niende ofisini, kwa sababu mchana ule mkuu wetu alikuwa anakagua vitabu vya mita. Saa sita ikapita. Saa nane ikapita. Mtoto anatapika, nabadilisha shuka, natazama mlango.

Alifika saa kumi kasoro. Viatu na upindo wa sketi vimelowa, na uso wote unacheka. Hakuwa amekwisha kuingia vizuri. Akasema, "Hutaamini nimeshikana mkono na nani!"

Nikamwambia, "Nani?"

Akasema, "Zumari! Gari lao limeharibika, nimewachotea maji…"

Nikamwambia, "Mtoto anaungua na homa, mimi kazi inaniponyoka, na wewe unanitolea hadithi za waimbaji? Kama ulikuwa na shughuli zako sema, usinidanganye kama mtoto mdogo."

Akanyamaza. Nilimwona akinyamaza, dada. Ule mcheko haukuondoka mara moja, ulibaki usoni kidogo kama taa ambayo mtu amesahau kuizima. Bahasha alikuwa nayo kwapani. Niliiona. Nikachukua kofia nikatoka.

Sikuuliza majibu. Si siku ile, si kesho yake. Nilijiambia kama kuna neno atasema. Naye hakusema. Alisema wiki tano baadaye, siku aliposhindwa kusimama kwenye beseni la vyombo, na hata hapo aliyesema ni daktari. Nilimuuliza daktari kuhusu zile wiki tano. Akaniambia hazingebadili kitu. Sikumwamini naye.

Nimeifikiria sana, ingawa kufikiria kwenyewe siku hizi ni kama kutembea kwenye nyumba ya jirani. Alirudi na habari mbili. Akaitanguliza ile nzuri. Nilipoitupa, ile mbaya akaifungia.

Barua yako ya Februari ilipofika nilijua palepale kwamba ni yeye. Nilijua kabla sijafika kwenye vifungo. Ningemwambia nini mwalimu? Nikisema ndiye, basi mke wangu siku ile alikuwa anasema kweli.

Umeuliza nini kimenikaa kooni. Ni hicho. Nimekitema na sioni tofauti. Sijalia. Nasoma mita, nakula, nalala. Lile lango la hospitali napita mara mbili kwa siku na bomba lao lina mita yangu.

Mdogo wako

12 Julai

Mdogo wangu,

Nakusalimu kwanza leo, kwa moyo wote.

Barua yako niliisoma kazini, mvuke ukailowesha, nikaianika juu ya kamba pamoja na soksi za watu, nikaisoma tena nyumbani. Sitakuambia hukukosea. Ulikosea. Na sitakuambia ulimuua, kwa sababu ugonjwa ndio uliomuua. Baina ya hayo mawili sina neno, na anayesema analo mwogope.

Lakini nami nina langu. Shemeji yako mguu ule hana. Ulikatwa mwezi wa tatu, chini ya goti. Ile siku nilipokuandikia kwamba amelala, alikuwa na siku mbili tangu akatwe. Na mazoezi niliyokuambia ni ya magongo. Kila nikishika kalamu nilikuwa najiambia, mdogo wangu hana mahali pa kuiweka habari hii, kwanza aandikiwe mambo ya kufurahisha. Ndiyo maana nilikuwa nakuandikia bango, bango, bango. Nilipofika pale uliposema aliifungia, niliweka barua chini, nikatoka kwenda kukaa ngazini.

Sikulaumu. Nakuambia tu kwamba tumekuwa wawili tunaokupimia maneno.

Anasema hajambo. Anasema kiatu kimoja sasa kitadumu mara mbili. Watu wanacheka, naye anacheka nao, kisha anageukia ukutani.

Nenda shuleni. Sikuombi.

Dada yako

9 Agosti

Dada, shikamoo.

Nilikaa na barua yako siku tatu. Humu ndani kuna barua ya shemeji peke yake, usiifungue, mpe mkononi. Mwambie nitakuja mwisho wa mwezi, nimekwisha omba likizo na wamekubali, siku kumi. Kama kuna kitanda kinachohitaji kuinuliwa au mlango wa kupanuliwa, msimwite fundi, mningoje mimi. Na wewe, dada, umekula? Nani anakubebea maji? Sikuwahi kukuuliza.

Jumatatu nilikwenda shuleni. Nilivaa sare ya kazi kwa kuwa nyingine haikuwa imekauka. Mwalimu alikuwa anafundisha, nikasimama mlangoni, watoto wakadhani nimekuja kukata maji, mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu hajalipa!" Wakacheka. Sisimizi aliinamisha kichwa.

Mwalimu akaja. Nikamwambia naomba niseme neno moja mbele ya darasa. Akanitazama juu ya ile miwani, akasogea. Nikatoa kijitangazo mfukoni, kilikuwa kimekunjika mara nne, nikakifungua.

Nikasema, "Huyu ni mke wangu. Ni mama yake Sisimizi. Alikutana na Zumari mbele ya hospitali, akamchotea maji. Siku ile niliposema wamefanana tu, aliyekuwa mwongo ni mimi."

Ndiyo hotuba yangu yote. Aliyekuwa amepigwa mkebe akauliza, "Kweli?" Nikamwambia kweli. Mwalimu akasema, "Asante, baba." Nikampa Sisimizi kile kijitangazo mezani pake, nikaenda kusoma mita.

Jioni nilimfuata shuleni. Tulitembea mpaka kwenye duka la vioo. Kisha nikamwambia kwamba siku ile mama alitaka kunieleza habari hiyo na mimi sikumsikiliza.

Akasema, "Najua."

"Umejuaje? Ulikuwa na homa."

"Nilikuwa macho. Ulipotoka alikuja kitandani, akaniambia mimi."

Dada, nilisimama. Nikamuuliza alimwambia nini. Akanieleza huku anarusharusha kijiwe kwa mguu, kama anasoma somo alilokwisha lifaulu. Kwamba kisigino cha kiatu cha Zumari kilikuwa kimekatika, kwa hiyo alikuwa amesimama kwa mguu mmoja kama kuku, ndiyo maana akamshika mama mkono, asianguke. Kwamba mkono wake ulikuwa mgumu kama wa mtu anayeosha vyombo. Kwamba Zumari alimuuliza jina, na mama akataja la Sisimizi badala ya lake.

"Kwa nini lako?"

"Ili na mimi niwe nimekutana naye."

Nikauliza kama mama alimwambia jambo jingine lolote siku ile, la hospitali, la bahasha.

"Hapana. Zumari tu. Nikamwambia ukirudi tukwambie wote wawili. Akasema, baba amechoka leo. Tutamwambia siku nyingine."

Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro. Watu walikuwa wanapita kutoka kazini. Sisimizi akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nikamwambia sasa aniambie.

"Si nimekwisha kukuambia?"

"Tangu mwanzo," nikasema.

Akatua mkoba wake chini, akakaa kando yangu, akaanza na ndoo.

Mdogo wako